Sauti ya Nyumbani na Sauti ya Safarini: Kuchagua Iafoni za Kusikilizia Qur'ani

BARAZA YA WAZAZI NA VIJANA



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa masikio kabla hatujajua la kusikiliza. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu wasomaji, mwezi huu barazani petu imefika barua ya kijana mmoja wa wilaya ya Iramba, na jambo lililomo si lake peke yake. Aandika kwamba amehifadhi juzuu kumi na mbili, na kwamba kwao nyumbani mna hedifoni kubwa za kuvaa kichwani, alizozileta ami yake kutoka Maskati. Kwa hizo humsikiliza Sheikh Mahmoud Khalil Al-Husary kila baada ya sala ya Alfajiri, na asema kila herufi humfikia imesimama peke yake. Sasa amepata kazi penye mashine ya kukamua alizeti hapa Singida mjini, na hedifoni zile hawezi kuzichukua, maana ni kubwa, tena ni za nyumba nzima. Akanunua iafoni ndogo za kutia ndani ya sikio. Tangu siku hiyo, asema, Siin na Swaad zimekuwa kitu kimoja, na Sheikh amekuwa kama mtu asomaye ndani ya pipa. Ataka kununua nyingine za bei kubwa zaidi. Baba yake amemkataza, akisema huo ni ufujaji wa mali. Wameshindwa kuafikiana, wakatutaka sisi tuamue.

Kabla ya kuamua, yatupasa kulijua jambo lenyewe, kwani hukumu ya asiyejua haina uzito.

KUSIKILIZA NI SEHEMU YA KUSOMA

Katika Suratul A'raf, aya ya 204, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kwamba Qur'ani inaposomwa tuisikilize na tunyamaze, ili tupate kurehemewa. Na katika hadithi sahihi aliyoipokea Imamu Bukhari, Bwana Mtume (s.a.w.) alimwomba Abdallah bin Mas'ud amsomee. Ibn Mas'ud akastaajabu: vipi amsomee yeye, na hali aliteremshiwa yeye? Bwana Mtume akamjibu kwamba apenda kuisikia kwa mwingine. Akamsomea Suratun Nisaa mpaka aya ya 41, na alipomtazama akaona macho yake yanatiririka machozi. Basi asidhani mtu kwamba kusikiliza ni kazi ya mvivu asiyetaka kusoma.

Wazee wetu walisikia kwa mdomo wa mwalimu tu. Leo Mwenyezi Mungu ametufungulia mlango mwingine. Mwaka 1961 ulitolewa kwa santuri msahafu mzima uliosomwa kwa murattal na Sheikh Al-Husary wa Misri, na ndiyo mara ya kwanza kwa Qur'ani nzima kurekodiwa hivyo. Mwaka 1964 Cairo ikaanzisha idhaa maalumu ya Qur'ani Tukufu, na sauti za akina Al-Husary, Sheikh Muhammad Siddiq Al-Minshawi na Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad zikavuka bahari na majangwa. Zikaja kaseti, kisha santuri ndogo za kung'aa, na sasa zote zimo ndani ya simu ya mtoto wa shule.

Na chombo cha kutia sauti masikioni nacho kina historia yake. Mmarekani Nathaniel Baldwin wa Utah alitengeneza hedifoni za kufaa kazini, na mwaka 1910 jeshi la majini la Marekani likazinunua. Mwaka 1958 John Koss akatoa hedifoni za sauti ya pande mbili kwa wasikilizaji wa majumbani. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ikatoa Walkman, na tangu hapo mtu akaweza kutembea na sauti yake. Nia ya watengenezaji hawa haikuwa Qur'ani. Lakini chombo hufuata mkono wa mwenye kukitumia, kama kisu kinavyoweza kuchinja kwa halali na kuua kwa dhuluma.

KWA NINI SAUTI MOJA HUBADILIKA

Kijana wetu auliza: kisomo ni kile kile, simu ni ile ile, imekuwaje sauti ikageuka?

Jawabu limo ndani ya sikio lenyewe. Sikio la nje, hili lenye mikunjo, halikuumbwa kwa pambo. Hukusanya sauti na kuielekeza katika mfereji wenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na mwisho wa mfereji ndipo ilipo ngoma ya sikio. Mtoto apulizaye mdomo wa chupa tupu husikia chupa ikitoa mlio wake maalumu. Na mfereji wa sikio, kwa kuwa nao ni mwanzi uliowazi upande mmoja, huizidisha nguvu sauti ya kadiri ya mitetemo 3,000 kwa sekunde. Masikio yetu yamezoea nyongeza hiyo, na bila yake maneno husikika yamefifia.

Hedifoni za kichwani hulifunika sikio lote, na sauti yake hupita katika mikunjo na mfereji kama ipitavyo sauti ya mtu aliyeketi nawe. Iafoni za ndani huziba mlango wa mfereji. Mikunjo haifanyi kazi tena, na mlio wa mfereji hubadilika, kama chupa iliyotiwa kizibo. Kwa hivyo mtengenezaji hana budi kuirudisha kwa hesabu nyongeza aliyoiondoa, na kila mmoja huirudisha kwa kadiri anayoiona yeye. Ndiyo maana hata kampuni moja ikitoa hedifoni na iafoni zenye jina linalofanana, sauti zake zaweza kuwa mbali. Asinunue mtu kwa jina akidhani amenunua sauti.

Liko na jambo la pili. Iafoni nyingi za madukani zimetengenezwa kwa ajili ya muziki wa vijana, na zimetiwa besi nyingi kupita kiasi. Sauti ya mwanamume aongeapo huanzia mitetemo 85 mpaka 180 hivi kwa sekunde. Besi iliyozidi huifunika sehemu hiyo kama moshi, na juu yake hufunika ghunna na herufi nyepesi. Huyo ndiye Sheikh anayesoma ndani ya pipa.

ANZENI NA KIPIRA CHA SIKIO

Kabla hajatoa hata senti moja, kijana wetu na ajaribu jambo hili. Iafoni za ndani huja na vipira vya silikoni vya ukubwa mbalimbali, aghalabu vidogo, vya kati na vikubwa. Watu wengi huvaa vile vilivyokutwa vimevalishwa, na vile vingine hutupwa pamoja na boksi. Kipira kikiwa kidogo kuliko tundu, hewa hupenya pembeni na sauti nene hutoroka. Hubaki sauti nyembamba yenye kuchoma, na msikilizaji huongeza sauti akitafuta kilichopotea. Kikiwa kikubwa, huuma, na mtu hukitia nusu nusu, ikawa ni yale yale.

Namna ya kupima ni hii. Vaa, washa kisomo, kisha zibonyeze iafoni kwa vidole polepole. Sauti nene ikiongezeka unapobonyeza, jua kwamba kipira hakijaziba. Badili mpaka kubonyeza kusilete tofauti. Wala usistaajabu ikiwa sikio la kulia lataka kipira cha kati na la kushoto kikubwa, kwani watu wengi masikio yao hayalingani. Viko pia vipira vya sponji vinavyobonyea na kujaza tundu. Hivyo huwafaa ambao silikoni haiwakai. Vipira huuzwa mbali na iafoni, na bei yake ni ndogo sana kuliko bei ya iafoni mpya. Nimeona mara nyingi iafoni iliyolaumiwa ikasamehewa baada ya kubadilishwa kipira tu.

NAMNA YA KULINGANISHA

Ikiwa baada ya hayo sauti bado haikuridhisha, hapo ndipo pa kulinganisha na kuchagua. Kulinganisha kuna masharti, kama mizani ilivyo na masharti.

Sharti la kwanza: chombo kinachopimiwa kiwe ni kile unachokijua. Chukua hedifoni za nyumbani uende nazo dukani, kama dukani kuna ruhusa ya kujaribu. Au kazijaribu iafoni za rafiki zako nyumbani kwako. Kumbukumbu ya sauti haidumu. Mtu aliyesikia asubuhi Kiomboi na kujaribu jioni Singida mjini hulinganisha dhana na dhana.

Sharti la pili: kisomo kiwe kimoja, aya zile zile, kutoka simu ile ile.

Sharti la tatu, na hili ndilo linalovunjwa na wengi: ukubwa wa sauti uwe sawa. Sikio la mwanadamu hudanganywa na kelele. Chombo kinachopiga juu zaidi huonekana kizuri zaidi, hata kama si kizuri. Wataalamu wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio hupoteza sauti nene kuliko nyingine, na ikikuzwa hurudi. Wala usitegemee alama ya simu. Ziko hedifoni za nyumbani zenye ukinzani wa umeme wa omu 300, na simu huzisukuma kwa taabu. Iafoni nyingi zina omu 16 au 32, na kwa alama ile ile ya simu zaweza kupiga juu sana. Basi sawazisha kwa sikio: punguza hiki, ongeza kile, mpaka msomaji aonekane amekaa umbali mmoja.

Sharti la nne: mwenye kuchagua awe ndiye mwenye kutumia. Umri huondoa sauti za juu kabisa masikioni. Kijana mzima husikia kutoka mitetemo 20 mpaka karibu 20,000 kwa sekunde; mtu wa makamo yangu hayafikii hayo. Baba atakayemchagulia mwanawe kwa sikio lake aweza kuzipitisha iafoni zenye kuchoma, kwa kuwa yeye ule uchomaji hausikii.

Sasa ni nini cha kusikiliza? Wachaguao kwa muziki hutumia nyimbo. Sisi tuna kipimo bora, nacho ni sura fupi ambazo kila mtoto wa chuoni anazijua.

Anza na Suratun Nas. Aya zake zote zakoma kwa Siin. Mvumo wa Siin uko juu, zaidi ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Kwenye iafoni njema Siin husikika safi na kukatika mahali pake. Ikipiga kama cheche kwenye kikaango, hizo zimezidishwa juu, na baada ya nusu saa kichwa kitauma. Ikisikika kama kitambaa kimefunika mdomo, hizo zimepungua juu, na ndipo Siin na Thaa zinapofanana.

Kisha Suratul Asr, yenye Swaad zaidi ya mara moja. Unene wa Swaad hauko katika mvumo wake tu; uko katika irabu inayoizunguka, ambayo hugeuka nzito. Sauti hiyo ni ya katikati. Iafoni iliyozamisha katikati ili besi na juu zing'are, kama zilivyo nyingi za bei nafuu, huiibia Swaad unene wake. Bila shaka huu ndio ugonjwa wa iafoni za kijana wetu.

Kisha Suratul Falaq na Suratul Ikhlas, kwa ajili ya qalqala ya Qaaf, Baa na Daal. Qalqala ni mruko mfupi. Ukisikia mruko unavuta mkia wa ngurumo nyuma yake, besi ya chombo hicho ni nzito na ya uvivu. Na mwisho wa Suratul Fatiha, katika ile madda ndefu, sikiliza iwapo sauti yabaki moja tangu mwanzo mpaka kukoma, au inabadilika rangi njiani.

Jaribu pia kwa wasomaji wawili au watatu. Al-Husary hufaa kwa kupima herufi. Sheikh Abdul Basit hupanda juu sana, na iafoni mbaya hupasuka anapopanda. Usiamue siku moja. Sikio huzoea hata kibaya. Sikiliza leo, pumzika, urudie kesho.

Kuna kitu kimoja usikitafute, kwa kuwa hutakipata. Kama hedifoni zenu ni za aina iliyo wazi nyuma, sauti yake husikika kama iko chumbani, mbele na pembeni yako. Iafoni ya kuziba sikio haiwezi hayo, hata ikiwa ya bei ya ng'ombe. Ridhika na herufi zilizo sawa, uache uwanda.

WAYA AU BILA WAYA

Tangu mwaka 2016, ilipotoka iPhone 7 bila tundu la waya, simu nyingi zimefuata njia hiyo, na iafoni za Bluetooth zimejaa kila stendi. Zina raha yake. Lakini mwanafunzi wa Qur'ani ayajue haya.

Zataka chaji, nazo ni tatu za kuchajiwa: mbili za masikioni na kikasha chake. Kijijini ambako umeme ni wa kupanga, hilo si dogo. Betri zake huchoka baada ya miaka michache, na aghalabu hazibadilishiki. Moja ikidondoka ndani ya basi la Dodoma, umebaki na nusu ya chombo.

Lakini lililo kubwa ni kwa wanaosomeshwa kwa simu na mwalimu aliye mbali. Iafoni nyingi za Bluetooth, kinasa sauti chake kikifunguliwa, hushusha ubora wa sauti, kwa sababu njia moja yabeba kwenda na kurudi. Tena sauti huchelewa kidogo, na mwanafunzi anayetazama midomo ya mwalimu ili apate makhraj huona midomo imetangulia. Kwa darasa la namna hiyo waya ni bora. Simu isiyo na tundu hutumia kiungo kidogo cha kuchomeka mahali pa chaji, au iafoni zilizokwisha tengenezwa kwa tundu hilo. Na kwa fedha ile ile, iafoni ya waya kwa kawaida hutoa sauti bora kuliko isiyo na waya, kwa kuwa hukulipia betri wala mitambo ya mawasiliano.

IKIBAKI TOFAUTI NDOGO

Simu nyingi zina ikwalaiza katika mipangilio ya sauti. Hiyo yafaa kama chumvi inavyofaa. Kama besi imezidi, ishushe desibeli mbili au tatu, usikilize. Kama Siin yachoma, shusha kidogo upande wa juu. Kanuni ni kupunguza kilichozidi, wala si kuongeza kilichopungua, kwa kuwa kuongeza kila kitu huishia katika kukwaruza. Kwa wenye kupenda utafiti, iko kazi iitwayo AutoEq, iliyokusanya vipimo vya hedifoni na iafoni nyingi na kueleza namna ya kuirekebisha moja ifanane na nyingine, hutolewa bure. Lakini ikwalaiza haimponyi aliyevaa kipira kisichomkaa. Ziba kwanza, ndipo urekebishe.

AMANA YA SIKIO

Katika Suratul Israa, aya ya 36, tumeonywa kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Wengi huifahamu aya hiyo kwa upande wa kusikiliza ya haramu, nao wamefahamu sawa. Lakini amana pia hulindwa isiharibike.

Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Vikifa kwa kelele havioti tena. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: mtu mzima asizidishe sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Sauti ikipanda mpaka desibeli 90, saa zinazosalia ni nne tu kwa wiki nzima. Shirika hilo hilo lasema kwamba vijana zaidi ya milioni elfu moja duniani wamo hatarini kwa kusikiliza kusiko salama. Shauri lake jepesi ni kwamba alama ya simu isipite asilimia 60. Mtu akivua iafoni akasikia mlio masikioni, huo ni onyo, asingoje wa pili.

Hapa ndipo iafoni yenye kuziba vizuri ina fadhila. Ikizuia kelele za basi, msikilizaji hana haja ya kupandisha sauti. Lakini nakusihi, mwanangu wa Iramba: pale penye mashine ya alizeti, mikanda inapozunguka, usivae iafoni kabisa. Kelele ya kazi hukingwa kwa kinga ya kazi, nayo mdai mwajiri wako. Sikio lako pale latakiwa lisikie mtu akikuita jihadhari. Hali kadhalika barabarani, penye bodaboda na malori ya vitunguu. Kisomo kina saa zake: kabla ya kazi, wakati wa mapumziko, na baada ya sala.

Tena iafoni ni kama mswaki. Vipira vioshwe kwa maji na sabuni na kukaushwa, na asiazimwe mwenye maradhi ya sikio, wala asimwazime mwenziwe.

NDANI YA NYUMBA

Wazazi nao wana malalamiko yao, na ni ya haki. Mtoto aliyeziba masikio yote mawili haitiki aitwapo na mamaye. Watu watano wameketi katika mkeka mmoja, na kila mmoja yuko nchi yake. Zamani redio moja ilikusanya nyumba nzima, hata jirani akaja na kigoda. Tusiliache hilo life. Baina ya Magharibi na Isha, iafoni ziwekwe, kisomo kifunguliwe kwa spika, na baba au mama aulize: hii ni sura gani? Na watoto wajibu. Iafoni iwe ya safarini na ya wakati wa kuhifadhi, isiwe ukuta baina ya watu wa nyumba moja.

UNUNUZI NA HUKUMU YETU

Sokoni mna bidhaa bandia nyingi zenye majina makubwa. Iafoni yenye chapa ya kampuni kubwa, ikiuzwa kwa bei ya sahani ya wali, haihitaji kuchunguzwa sana. Bwana Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikatoka na unyevu, akamkemea mwenye mali kwa kuificha sehemu iliyolowa, akasema mwenye kughushi si katika sisi. Muuzaji wa Kiislamu na aikumbuke hadithi hiyo anapopanga meza yake. Na mnunuzi naye adai risiti, ajaribu pande zote mbili, kulia na kushoto, kabla ya kuondoka, akubaliane na muuzaji kwamba kikionekana na aibu kitarudi. Sheria yetu inampa mnunuzi khiyari ya kurudisha chenye kasoro. Na katika nchi yetu Tume ya Ushindani imepewa kazi ya kupambana na bidhaa bandia. Kuipelekea taarifa si fitina.

Sasa hukumu. Baba ana haki: katika Suratul Israa, aya ya 26 na ya 27, wafujaji wameitwa ndugu wa mashetani, na bei kubwa haimfundishi mtu tajwidi. Mwana naye ana haki: kosa la sikio hugeuka kosa la ulimi, na Swaad iliyohifadhiwa kama Siin huchukua miaka kung'oka. Twaamua hivi. Kijana kwanza abadili vipira, kisha ashushe besi kwa ikwalaiza. Ikiwa haikutosha, anunue iafoni za waya za bei ya wastani, alizozijaribu kwa masharti tuliyoyataja, kwa fedha ya mshahara wake, baada ya kutoa haki ya wazazi. Za bei kubwa aziache. Na baba amruhusu.

Na kipimo cha mwisho ni hiki, bora kuliko vyote. Ahifadhi ukurasa mmoja kwa hedifoni za nyumbani, na ukurasa wa pili kwa iafoni mpya. Kisha aende kwa mwalimu wake, amsomee kurasa zote mbili bila kumwambia upi ni upi, na mwalimu ahesabu makosa. Yakiwa sawa, iafoni zimefaulu, hata kama sauti yake haifanani yote na ile ya nyumbani. Yakizidi, zirudi dukani.

Maana, ndugu zangu vijana, Al-Husary katika simu atakusomea aya mara elfu bila kuchoka, lakini hatakuambia hata mara moja kwamba umekosea. Qur'ani hii imetufikia kwa kinywa na sikio, mwalimu kwa mwanafunzi, toka kwa Bwana Mtume mpaka leo. Chombo ni msaidizi wa mwalimu. Asiye na mwalimu na amtafute kabla hajatafuta iafoni.

Mwenyezi Mungu atulindie masikio yetu, ayafanye yenye kusikia na kutii, na awajaalie watoto wetu wawe watu wa Qur'ani. Amin.

Wabillahi tawfiq.